Tiketi ya Orlando na Mizani ya Haki

Tarehe 21 Julai 2010, Jaji Stefan Underhill wa mahakama ya shirikisho jimboni Connecticut, Marekani, alitoa hukumu katika kesi ambayo kwa juu juu ilihusu bajeti ya michezo ya chuo kimoja. Chuo Kikuu cha Quinnipiac kilikuwa kimeamua kuivunja timu yake ya voliboli ya wanawake na kuipa nafasi hiyo timu ya ushangiliaji wa mashindano. Kocha wa voliboli na wachezaji wake wakaenda mahakamani, na jaji akakubaliana nao. Kwa maoni yake, ushangiliaji, jinsi ulivyoendeshwa wakati ule, ulikuwa haujakomaa kiasi cha kuhesabiwa mchezo kamili wa chuo chini ya Title IX, sheria ya Marekani inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu. Kanuni zilibadilika kutoka shindano moja hadi jingine. Wapinzani walikuwa mchanganyiko wa timu za vyuo, za shule na za klabu. Na shindano la kufunga msimu lilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuingia, hata kama alikuwa ameshindwa mwaka mzima. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa iliiacha hukumu hiyo isimame.

Sababu hiyo ya mwisho inastahili kutazamwa zaidi ya macho ya wanasheria. Ndani yake mna wazo kwamba shindano ambalo hakuna anayeweza kulikosa halimpi sifa anayelifikia. Mchujo si urasimu unaotangulia mchezo, bali ni sehemu ya mchezo wenyewe. Lakini mara mlango unapowekewa bawabu, swali la pili linafuata: bawabu huyo amruhusu nani, kwa kipimo gani, na nani aliyempa kazi?

Ushangiliaji wa mashindano umekuwa ukihangaika na swali hilo tangu ulipoamua kuwa na ubingwa wa dunia.

Msomaji anayeujua ushangiliaji kupitia sinema za Kimarekani huenda anawaza wasichana wenye mashada ya karatasi za rangi pembeni mwa uwanja wa mpira. Ule wa mashindano ni kitu kingine, kwa sababu hapo hakuna timu nyingine inayoshangiliwa. Kundi hupewa dakika mbili na nusu juu ya zulia. Katika muda huo wachezaji hupiga samasoti mfululizo, hubebana mabegani na juu ya viganja, hujenga piramidi za watu, humrusha mwenzao hewani na kumdaka. Majaji hutoa alama kwa ugumu, kwa usafi wa utendaji na kwa mpangilio wa onyesho zima, na kosa la sekunde moja huweza kufuta kazi ya miezi kumi.

Kila mwaka, kuelekea mwisho wa Aprili, walio bora katika kazi hiyo hukusanyika Orlando, Florida, katika viwanja vya michezo vilivyo ndani ya Walt Disney World. Kuna mashindano mawili ambayo wasioujua mchezo huyachanganya. La kwanza ni la klabu, The Cheerleading Worlds, lililoanza mwaka 2004 chini ya shirikisho la klabu za Marekani, USASF, na ambalo sasa linahusisha pia shirikisho la kimataifa la klabu, IASF. La pili ni la timu za taifa, linaloendeshwa na International Cheer Union, yaani ICU, chombo kilichoundwa mwaka 2004. Haki ya kufuzu katika mashindano haya mawili haifanani, na tofauti yake inafundisha.

Kwa timu za taifa mambo ni mepesi kuyaeleza. Shirikisho la nchi linapeleka timu moja kwa kila kundi la mashindano. Marekani, yenye maelfu ya klabu, inapeleka moja. Nchi ambayo mchezo huu uliingia juzi inapeleka moja. Anayelalamika kwamba nchi yake ina timu tatu nzuri kuliko timu moja ya jirani hujibiwa kwamba hapa wanaoshindana ni mataifa, na taifa ni taifa.

Kwa klabu, mambo yanakuwa mazito. Klabu ya Marekani inayotaka kwenda Worlds lazima ikate tiketi kwenye mashindano yaliyoidhinishwa kutoa tiketi hizo. Tiketi yenyewe ni ya aina mbili kuu. Ipo inayolipiwa gharama na mwandaaji wa shindano, na ipo ya kujigharamia, ambayo huipa timu ruhusa ya kwenda na kuiachia bili yote. Zile za kulipiwa ni chache na hugombewa vikali; zile za kujigharamia ni nyingi zaidi. Klabu za nje ya Marekani hukata tiketi zao katika mashindano ya nchi zao au ya kanda zao. Huko wingi na ubora wa wapinzani hutofautiana mno: Kanada ina klabu za kiwango cha juu kabisa zinazokabana koo, ilhali katika nchi yenye klabu mbili tatu za ngazi hiyo mtu anaweza kufuzu bila kutokwa jasho.

Hapo ndipo manung'uniko ya pande mbili yanapozaliwa. Kocha wa Texas anaona timu yake imehangaika msimu mzima dhidi ya makumi ya wapinzani na ikabaki nyumbani, wakati timu ya ng'ambo yenye alama za chini imeshapanda ndege. Kocha wa ng'ambo anaona timu ya Texas inaishi saa chache za ndege kutoka ukumbini, inashindana na walio bora kila wikendi, haihitaji viza, na bado inalalama.

Wote wawili wana hoja.

Amartya Sen, mwanauchumi na mwanafalsafa wa India aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, anatoa katika kitabu chake The Idea of Justice cha mwaka 2009 mfano wa watoto watatu wanaogombea filimbi moja. Anne anaitaka kwa kuwa ndiye pekee anayejua kuipiga. Bob anaitaka kwa kuwa ni maskini, hana kitu kingine cha kuchezea. Carla anaitaka kwa kuwa ndiye aliyeitengeneza kwa mikono yake. Sen haoneshi nani ana haki zaidi. Anaonesha kwamba kila dai lina mantiki kamili likisimama peke yake, na kwamba watu wenye nia njema wanaweza kutofautiana bila hata mmoja wao kuwa mwongo.

Nafasi za Orlando ni filimbi hiyo, na watoto watatu wote wamo ukumbini.

Aanze Carla, kwa sababu dai lake ndilo linalosemwa kwa sauti ya chini na kusikika kwa nguvu. Ushangiliaji ni mali ya Wamarekani kwa maana ya kihistoria. Johnny Campbell aliongoza umati kushangilia kwa mpangilio katika Chuo Kikuu cha Minnesota mwezi Novemba 1898, na siku hiyo huhesabiwa kuwa kuzaliwa kwa mchezo. Lawrence Herkimer aliufanya kuwa kazi na biashara mwaka 1948 alipoanzisha chama cha kitaifa cha kufundisha washangiliaji. Jeff Webb alifuata mwaka 1974 na kampuni ambayo baadaye ilikua kuwa Varsity, jitu linaloendesha mashindano, kambi na mauzo ya sare. Webb huyohuyo ndiye aliyekuja kuwa rais wa ICU. Wamarekani wametunga kanuni, wamejenga kumbi, wamelipa majaji. Kwa nini basi wasijipe nafasi nyingi katika karamu waliyoipika wenyewe?

Jibu ni kwamba mpishi anaweza kuchagua wageni wake ilimradi asiite karamu hiyo mkutano wa dunia. Neno «dunia» likishaandikwa kwenye kombe, mwenye nyumba amekubali kufungwa nalo. ICU ilipata utambuzi wa muda wa Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa mwaka 2016 na utambuzi kamili Julai 2021. Utambuzi huo haukutolewa kwa mchezo wa Wamarekani, bali kwa mchezo wenye mashirikisho zaidi ya mia moja. Mtu hawezi kuhesabu bendera anapoomba heshima na kuzisahau anapogawa nafasi.

Dai la mwenye mali lina kasoro nyingine. Aliyetengeneza filimbi anaweza pia kuanza kuuza ruhusa ya kuigusa. Klabu na wazazi wa Marekani wenyewe waliishitaki Varsity wakidai kuwa imeukamata mchezo kuanzia sare hadi ukumbi, na kwamba imetumia ushawishi wake ndani ya USASF kuwabana washindani wake. Mwaka 2023 Varsity na washitakiwa wenzake walikubali kulipa dola milioni 43.5 kumaliza kesi moja, na mwaka uliofuata dola milioni 82.5 kumaliza nyingine, bila kukiri kosa. Mahakama haikufika mahali pa kutoa hukumu. Lakini kesi hizo zilionesha wazi kwamba swali la nani anafuzu haliwezi kutenganishwa na swali la nani ananufaika na safari ya kufuzu.

Dai la Anne, la uwezo, ndilo linalopendwa zaidi na wanamichezo. Aliye bora aende, basi. Nani atabisha?

Ugumu upo kwenye kujua aliye bora. Mkimbiaji wa mita 10,000 hubeba muda wake popote aendapo, na dakika 27 za Nairobi, ukiondoa suala la hewa nyembamba, ni dakika 27 za Tokyo. Alama za ushangiliaji hazisafiri hivyo. Zimetolewa na jopo hili la majaji, siku hii, dhidi ya wapinzani hawa, pengine kwa karatasi ya alama tofauti na ya shindano la wiki iliyopita. Timu iliyopata alama za juu Bogotá na iliyopata alama za wastani Dallas hazijawahi kupimwa kwa mizani moja. Anayesema timu ya ng'ambo imeingia na kiwango cha chini anasema jambo linaloweza kuwa kweli, ila hana namna ya kulithibitisha mpaka timu zote mbili zisimame juu ya zulia moja.

Hata riadha, yenye saa na futi kamba, haijakwepa mtego huu. Michezo ya Olimpiki huruhusu wanariadha wasiozidi watatu kwa nchi katika tukio moja. Aprili 2011 Geoffrey Mutai wa Kenya alikimbia mbio za Boston kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2, muda ambao hakuna binadamu aliyekuwa ameufikia. Haukuhesabiwa rekodi ya dunia kwa sababu njia ya Boston huanzia mahali pamoja, huishia mbali na huteremka kupita kiasi kinachoruhusiwa. Septemba mwaka huo Patrick Makau, Mkenya mwingine, aliweka rekodi halali jijini Berlin: 2:03:38. Ilipofika London 2012, hakuna hata mmoja wao aliyekuwa miongoni mwa watatu wa Kenya. Medali ya dhahabu ilikwenda kwa Stephen Kiprotich wa Uganda, mtu ambaye muda wake bora ulikuwa nyuma ya Wakenya na Waethiopia wengi. Abel Kirui na Wilson Kipsang wakamfuata. Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo.

Mfano huu unakata pande zote mbili. Kanuni ya watatu kwa nchi iliwaumiza Mutai na Makau, na maumivu hayo yalikuwa ya kweli. Hayafutwi kwa kusema kwamba Kenya ilikuwa na bahati ya kuwa na wengi. Kwa upande mwingine, orodha ya muda bora haikumwona Kiprotich. Rekodi ya jana ni ushahidi wa kesho, lakini ni ushahidi dhaifu kuliko wapenzi wa orodha wanavyodhani. Na katika mchezo wa kuhukumiwa kwa macho, ushahidi huo hudhoofika zaidi.

Anabaki Bob, asiye na kitu. Dai lake huchekwa haraka, kwa sababu huonekana kama ombi la sadaka. Historia ya Kombe la Dunia la soka inatosha kumtetea. Kwa fainali za 1966 nchini Uingereza, FIFA iliamua kwamba bingwa wa Afrika akapambane na wa Asia na Oceania kugombea nafasi moja, kana kwamba mabara hayo yalikuwa kata moja. Waafrika wakasusa. Kwame Nkrumah wa Ghana aliunga mkono mgomo huo kwa nguvu zote, na timu za Afrika zikajitoa. Nafasi hiyo moja ikaangukia Korea Kaskazini, ambayo iliifunga Italia 1-0 na kufika robo fainali. Kuanzia 1970 Afrika ikapewa nafasi yake yenyewe.

Waliopinga walipata silaha mwaka 1974, pale Zaire, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara, ilipofungwa 9-0 na Yugoslavia. Wakasema wameona. Lakini nafasi haikuondolewa, ikaongezwa. Kamerun ikafika robo fainali mwaka 1990, Moroko ikafika nusu fainali mwaka 2022, na kwa fainali za 2026 Afrika ilitengewa nafasi tisa za moja kwa moja kati ya 48. Kama uwezo ungesubiriwa kabla ya nafasi, uwezo huo usingekuja, kwa kuwa wachezaji, makocha, wafadhili na serikali huwekeza kwenye mlango ulio wazi. Kwa hiyo dai la Bob si la huruma. Anasema kwamba kipaji chenyewe ni zao la fursa, na kumpima mtu aliyenyimwa fursa kwa mizani ya aliyepewa ni kuupima udongo badala ya mkulima.

Upo upinzani wa maana dhidi ya Bob, na ushangiliaji ndio mchezo unaoupa nguvu. Katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliogelea mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Aliingia kwa mpango wa kuzipa nafasi nchi zinazoendelea bila kutimiza muda wa kufuzu, na alikuwa amejifunza kuogelea miezi michache tu kabla. Umati ulimshangilia, akamaliza, na baadaye akawa kocha wa timu ya taifa lake. Ukarimu ule haukumvunja mtu mfupa. Timu ya ushangiliaji isiyo tayari, ikipewa nafasi katika ngazi ya juu kabisa, inaweza kumrusha msichana hewani na kushindwa kumdaka. Hapo kigezo cha chini cha uwezo hakilindi hadhi ya shindano peke yake. Kinalinda shingo na uti wa mgongo.

Kwa bahati nzuri mchezo wenyewe umeshatengeneza dawa yake, ingawa watunga kanuni hawaitumii kikamilifu. Ushangiliaji umegawanywa katika ngazi: klabu huhesabu kutoka ya kwanza hadi ya saba, na kila ngazi hutaja ni mbebo upi, mrusho upi na samasoti ipi inaruhusiwa. ICU nayo imeweka makundi ya timu za taifa yanayotofautiana kwa ugumu, ili nchi changa isilazimike kuiga yanayofanywa na Marekani au Kanada. Hii ni njia bora ya kumkaribisha Bob kuliko ile ya Sydney. Anapewa filimbi inayolingana na pumzi yake, na siku akiweza kubwa zaidi, anapanda.

Basi madai matatu yote yana uzito. Swali ni lipi litawale wapi, na ndilo ambalo mjadala wa makocha huliruka. Wanabishana kama mgawo wa nchi ni halali au haramu, kana kwamba jibu ni moja kwa mashindano yote kuanzia tiketi hadi medali. London 2012 inaonesha kwamba si moja.

Katika michezo hiyohiyo ambamo Mutai na Makau hawakuwamo, Mmarekani Jordyn Wieber, bingwa wa dunia wa jimnastiki wa mwaka 2011, alimaliza wa nne katika mchujo. Fainali ilikuwa na nafasi 24. Hakuingia. Kanuni iliruhusu wawili tu kwa nchi, na Wamarekani wenzake Aly Raisman na Gabby Douglas walikuwa juu yake. Wasichana waliokuwa na alama za chini mno kuliko zake walipanda jukwaani huku yeye akitazama.

Kwa nini kilichompata Wieber kinachoma zaidi kuliko kilichompata Mutai? Wote wawili walizuiwa na pasipoti. Tofauti ni kile kilichokuwa kinajulikana. Mutai alikatwa kabla ya mbio, wakati ubora wake ulikuwa bado makisio yaliyojengwa juu ya njia tofauti, upepo tofauti na wapinzani tofauti. Wieber alikatwa baada ya kupimwa, katika ukumbi mmoja, kwa kanuni moja na kwa mizani moja na wote aliowashinda. Mgawo wa nchi ulikuwa umeshamaliza kazi yake ya kuleta dunia ukumbini. Kuuendeleza baada ya hapo kulikuwa ni kufumbia macho jibu lililokwisha kuandikwa ubaoni.

Kutokana na hilo inachomoza kanuni ambayo inaweza kuulinda ushangiliaji dhidi ya pande zote mbili za manung'uniko: mgawo unahalalishwa na kutojua, na pale kutojua kunapokwisha, uhalali wake unakwisha pia. Mlangoni hakuna anayejua kwa uhakika kama timu ya tano ya California ni bora kuliko ya kwanza ya Kolombia. Kwa hiyo ni haki kila nchi yenye timu iliyofikia kiwango cha usalama ipate nafasi kwanza, na zinazobaki zigombewe. Baada ya mchujo wa kwanza, majaji wakiwa wamewaona wote, pasipoti zifungiwe kabatini. Timu nane za taifa moja zikiwa nane bora, zipande nane.

Mwanafalsafa wa Marekani John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu nadharia ya haki, aliwataka wanaotunga kanuni wajiweke nyuma ya pazia, wasijue watazaliwa matajiri au maskini, wenye vipaji au wasio navyo. Wakosoaji wake wamesema hakuna binadamu anayeweza kujisahau kiasi hicho. Katika ushangiliaji pazia hilo halihitaji kubuniwa, maana linaning'inia kati ya tiketi na mchujo wa kwanza. Makocha wa Texas na wa ng'ambo, kila mmoja akiwa kweli hajui atashika nafasi ya ngapi, wangeweza kukubaliana juu ya kanuni hii kabla ya msimu kuanza. Baada ya matokeo, kila mtu hugeuka wakili wa upande wake.

Hata hivyo, kanuni nzuri ya mlangoni ni bure ikiwa kuna mlango mwingine kabla yake ambao hauandikwi popote. Tiketi ya kujigharamia ni jina la adabu la mchujo wa fedha. Kwa timu ya Georgia, kujigharamia ni basi la usiku mmoja na vyumba vya hoteli. Kwa timu ya Nairobi au Lubumbashi ni mtaji wa kufungua kampuni. Viza nayo ni mchujo. Tangu Juni 2023 ada ya maombi ya viza ya kawaida ya mgeni kuingia Marekani ni dola 185 kwa kila mtu, na hairudishwi ombi likikataliwa. Kundi la watu 24 huacha dola 4,440 ubalozini kabla ya kujua kama hata mmoja wao atasafiri. Waingereza na Wajapani hawahitaji viza hiyo. Hujaza fomu ya intaneti kwa ada ndogo. Wameksiko, Wakolombia na Wathai, watu wa mataifa yenye timu zinazoogopwa, wanaihitaji kama Wakenya na Watanzania wanavyoihitaji. Na katika mchezo wa kubebana, afisa mmoja akimnyima viza mtu mmoja wa chini ya piramidi, onyesho zima linaporomoka kabla ya muziki kupigwa.

Mchujo huu wa kimyakimya ni mbaya kuliko mgawo wowote, kwa sababu haumjibu mtu. Timu iliyokosa nafasi kwa alama inaweza kudai karatasi za majaji. Timu iliyokosa nafasi kwa kanuni ya nchi inaweza kuipinga kanuni hiyo mkutanoni. Timu iliyokosa nauli haina pa kukata rufaa, na haionekani hata kwenye takwimu za walioshindwa. Mashindano yanayofanyika Florida mwaka hadi mwaka yamegawa faida kabla ya kutoa alama ya kwanza, tena kwa wale waliokwisha kuwa nayo.

Watetezi wa Orlando watasema ukumbi unafahamika, hoteli zipo, na biashara ya Disney ndiyo inayofanya sherehe iwezekane. Hayo ni kweli, nayo ni dai la Carla likiwa limevaa suti. Lingepimwa kwa uaminifu zaidi kama lingesemwa wazi: tunabaki hapa kwa kuwa ni nafuu kwetu. Baada ya kulisema, wenye mashindano wangeweza kulilipia. Tiketi za kulipiwa, ambazo leo ni zawadi ya timu zinazotamba kwenye mashindano ya waandaaji wakubwa, zingeweza kutolewa kwa mizani ya umbali, ili anayetoka mbali zaidi abebwe zaidi. Michujo ya kanda ingeweza kupelekewa majaji waliofunzwa pamoja na karatasi moja ya alama, ili uamuzi wa Johannesburg usomeke vilevile Toronto. Na mashindano ya timu za taifa, ambayo hayana kisingizio cha kuwa mali ya klabu za Marekani, yangeweza kuzungushwa mabarani.

Hakuna kati ya haya litakaloondoa machungu ya anayebaki nyumbani. Kocha wa Texas mwenye timu ya saba kwa ubora nchini mwake bado atakosa, na ana haki ya kuambiwa sababu kwa maneno yasiyopindwa: nafasi yako imekwenda kwa timu ambayo hatukuwa na njia nyingine ya kuijua. Hilo ni jibu linalouma, ila ni jibu. Kwa sasa yeye na mwenzake wa ng'ambo huachiwa wakisie, na kila mmoja humwona mwenzake kuwa mwizi.

Ushangiliaji haumo katika programu ya Olimpiki ya Los Angeles 2028. Michezo iliyoongezwa kwenye orodha ni besiboli na sofitiboli, kriketi, mpira wa bendera, lakrosi na skwoshi. Kwa hiyo muda wa kurekebisha kanuni za kufuzu kabla mchezo haujafika huko upo, na mashirikisho ya Afrika yaliyo wanachama wa ICU yana kura. Yaitumie kura hiyo kudai mambo matatu kwa maandishi kabla ya msimu mwingine wa kufuzu: kiwango kimoja cha usalama na uwezo kwa kila anayeingia, nafasi ya kwanza kwa kila nchi iliyokifikia, na fainali isiyouliza mtu ametoka wapi.